Mtoto wa miezi nane haishi? Wangu kazaliwa wiki ya 35, mama anasema tusimpe jina kwanza

#1 Seremala wa Makambako (Ijumaa, saa 9:40 alasiri)
Wakuu salaam. Naandika haraka, mnisamehe makosa.

Mke wangu kajifungua usiku wa kuamkia Jumanne, mimba ikiwa na wiki 35 na siku nne kwa hesabu ya kadi ya kliniki. Chupa ilipasuka yenyewe, saa sita baadaye mtoto akatoka kwa njia ya kawaida. Wa kike, kilo 2.35. Alilia vizuri, hakuwekwa kwenye mashine yoyote, Jumatano mchana tukaruhusiwa. Wodini walisema ni mkubwa, hana shida.

Mama yangu amekuja kumlea mzazi. Alipoambiwa umri wa mimba alinyamaza, jioni akaniita pembeni: mtoto wa miezi saba anaishi, wa miezi nane haishi, tusimpe jina mpaka tuone. Tangu hapo sijalala. Kuna ukweli? Na mtoto wa wiki 35 ana hatari zipi hasa, ukiacha maneno ya wazee? Mwenyewe ni mtulivu mno, analala tu, hasumbui kabisa.

#2 Ngosha wa Ziwani
Hongera mkuu. Hata bibi yangu alikuwa anasema hivyo hivyo. Mimi ni wa miezi saba, nilifungwa kwenye pamba na ngozi ya kondoo nyuma ya jiko. Leo nina kilo 94.

#3 Nesi wa Zamu
Seremala, hayo ya miezi nane tutarudi kwayo. Hilo neno "analala tu, hasumbui" ndilo limenishtua. Nijibu haya sasa hivi: amenyonya mara ya mwisho saa ngapi? Amekojoa mara ngapi leo? Mpeleke dirishani umtazame weupe wa macho na nyayo. Halafu mguse tumbo na miguu kwa mgongo wa kiganja.

#4 Seremala wa Makambako
Asante dada. Amenyonya saa tano asubuhi, kidogo tu, akasinzia ziwa likiwa mdomoni. Tukimwamsha anafumbua macho anafumba. Nepi ya mkojo ni moja tangu alfajiri, ina rangi ya chai ya rangi. Macho ni ya njano, na nyayo nikizibonyeza naona njano pia. Miguu ya baridi. Huku Julai baridi ni kali, tumemfunika mablanketi mawili na tumeweka jiko la mkaa chumbani.

#5 Nesi wa Zamu
Toa jiko nje sasa hivi na ufungue dirisha. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua mama na mtoto bila kuwaamsha.

Halafu mvue nguo zote, abaki na nepi, kofia na soksi. Mama amweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunge kwa kanga, juu yake blanketi. Mablanketi hayatengenezi joto, yanatunza lile lililopo, na huyo hana. Mama akamue maziwa kwenye kikombe kisafi. Mtoto akiwa macho na anameza, mpeni kidogo kidogo. Akiwa mlegevu hamezi, msimlazimishe, yataingia mapafuni.

Na mwende hospitali leo hii. Msingoje kesho. Njano ikifika kwenye nyayo siku ya nne, mtoto halali vile kwa utulivu. Anaishiwa nguvu.

#6 Mgosi Tanga
Tusimtishe mwenzetu. Njano ya wachanga ni kitu cha kawaida, wanangu wote watatu walikuwa nayo. Dawa yake jua la asubuhi, saa moja hadi saa mbili, siku tatu kwisha.

#7 Daktari Kimya
Mgosi, wanao walizaliwa wiki ya ngapi? Njano ni ya kawaida kwa mtoto aliyetimia, anayenyonya, anayelia kwa nguvu. Huyu wa wiki 35 hanyonyi, wa baridi, ana njano mpaka nyayoni, na jua lenyewe saa hizi linakaribia kuzama Makambako. Seremala, nenda.

#8 Seremala wa Makambako
Jirani ana gari. Tunatoka.

#9 Leso ya Pwani
Mungu awatangulie. Mimi niko Mombasa. Wangu alitolewa kwa upasuaji wiki ya 36 kwa sababu ya presha. Kilo 2.6, mashavu haya! Kila aliyekuja wodini alisema huyu si wa kabla ya wakati. Baada ya saa mbili akaanza kuguna kila akitoa pumzi, kama paka anayekoroma, na mbavu zikiingia ndani. Muuguzi alihesabu pumzi 78 kwa dakika. Siku nne na mashine ya kusukuma hewa puani. Nilisaini karatasi huku mkono unatetemeka.

#10 Msomaji wa Kona
Pole sana Leso. Hao wa wiki 34 hadi 36 ndio wanaotudanganya macho. Mtoto ni njiti kama hajatimiza wiki 37, lakini sisi tukisikia "njiti" tunawaza yule wa kilo moja. Mwaka 1963 rais wa Marekani John F. Kennedy alipata mtoto wa kiume, Patrick, wiki tano na nusu kabla ya wakati. Kilo 2.1 hivi. Aliishi saa 39 tu. Rais wa taifa lile, hospitali za Boston, na mapafu yakamshinda. Leo mtoto kama yule anapona sehemu nyingi.

#11 Daktari Kimya
Ni kweli. Ule ute unaozuia vifuko vya mapafu visigandamane, kwa watoto wengi unatosha kuanzia wiki ya 35 hivi. Patrick hakuwa nao wa kutosha. Wa Leso inaweza kuwa shida nyingine: mapafu ya mtoto tumboni yamejaa maji, na uchungu ndio unaoyaambia yaanze kukauka. Akitolewa kwa kisu kabla uchungu haujaanza, maji yanabaki. Ndiyo maana upasuaji wa kupanga, kama hakuna dharura, tunausogeza mpaka wiki ya 39.

#12 Leso ya Pwani
Mimi niliambiwa ni mapafu machanga. Mwingine akaniambia ni maji. Wa tatu akasema nilipata maambukizi. Mpaka leo sijui nimwamini nani, na mtoto ana miaka minne anapanda miembe.

#13 Baba Kulwa na Doto
Sindano ya kukomaza mapafu hukupewa? Mke wangu alipewa wiki ya 32, pacha.

#14 Daktari Kimya
Hiyo deksamethasoni tunaitoa zaidi kabla ya wiki 34, na hapo inaokoa kweli. Baada ya hapo bado tunabishana. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2016 uliwapa kina mama wa wiki 34 hadi 36 dawa ndugu yake: shida za kupumua zilipungua, lakini watoto walioshuka sukari wakaongezeka. Pale ambapo hakuna wa kupima sukari kila saa, mimi nasita.

#15 Dada Kibena
Turudi kwenye miezi nane. Huku kwetu Njombe kila bibi anaijua hiyo kauli. Imetoka wapi?

#16 Msomaji wa Kona
Ni ya zamani kuliko bibi zetu wote. Katika maandishi ya Wagiriki wa kale yanayohusishwa na Hippocrates kuna sura nzima juu ya mtoto wa miezi nane, na inasema haishi. Pengine ilifika huku na wasafiri, pengine kila mahali watu waliona jambo lile lile wakalieleza vile vile. Kwa hesabu za hospitali si kweli. Kila wiki anayoongeza tumboni inamwongezea nafasi ya kuishi.

#17 Mwalimu wa Zamu
Mimi nadhani ni kumbukumbu zetu. Wa miezi saba wakifa wengi, hakuna anayeshangaa. Mmoja akipona, kijiji kizima kinamsimulia miaka hamsini. Kama Ngosha hapo #2, bado anajisimulia mwenyewe.

#18 Ngosha wa Ziwani
Mwalimu umenikamata.

#19 Bi Mkubwa wa Ilala
Niwaambie kitu, msinitukane. Zamani harusi ikifanyika haraka haraka, mtoto akaja miezi saba baadaye na kilo tatu na nusu, nywele mpaka shingoni, tulisema "njiti wa miezi saba". Alikuwa katimia huyo! Ndiyo maana wa miezi saba walikuwa wanapona sana.

#20 Ngosha wa Ziwani
Bi Mkubwa, sasa mimi nikamuulize mama nini?

#21 Nesi wa Zamu
Umuulize hiyo ngozi ya kondoo iko wapi. Na hapo ndipo ninapoona jibu langu. Wa miezi saba kila mtu anamwona ni mdogo: atafungwa pamba, atalishwa kwa matone, hatalazwa peke yake. Wa miezi nane anaonekana kamili, anavishwa kigauni, anawekwa pembeni ya mama, anaachwa "alale apumzike". Nimefanya kazi wodi ya wachanga miaka kumi na moja. Waliorudishwa kwetu na njano au sukari imeshuka, wengi ni hawa wa kilo 2.3 na 2.5, si wale wa kilo moja na nusu. Wale hatuwaruhusu mapema.

Kunyonya kunahitaji kuvuta, kumeza na kupumua kwa zamu. Kwenye wiki ya 34 ndiyo kwanza wanajifunza. Anavuta mara nne, anachoka, analala. Mama anadhani kashiba.

#22 Seremala wa Makambako (Ijumaa, saa 5:15 usiku)
Wakuu, tumelazwa. Joto lilikuwa 35.4. Sukari 1.9. Uzito umeshuka mpaka 2.10. Njano wamepima ikawa 290. Walimwekea dripu ya sukari, sasa yuko chini ya taa ya bluu, amefungwa kitambaa machoni, amevaa nepi tu. Maziwa anapewa kwa mpira wa puani kila baada ya saa mbili. Saa moja iliyopita kalia. Mke wangu naye kalia, mimi nimetoka nje. Nesi, sina la kusema.

#23 Nesi wa Zamu
Alhamdulillah. Mama akamue usiku pia, hata kama yanatoka matone. Hiyo dang'a ya mwanzo isimwagwe hata tone.

#24 Baba Kulwa na Doto
Kwa wasiojua: 290 ni nyingi kiasi gani?

#25 Daktari Kimya
Inategemea saa za umri na wiki za mimba. Aliyetimia, saa hizo hizo, kwa 290 pengine tungemwacha kifuani kwa mama tukapima tena kesho. Wa wiki 35 anapita mstari wa taa. Ini lake halijakomaa kusafisha ile rangi, na ukuta unaolinda ubongo ni mwepesi zaidi. Ikipanda sana inaingia ubongoni, na kinachofuata ni uziwi au mwili kukakamaa maisha yote. Sukari ikimrudia na akala, itashuka.

#26 Mgosi Tanga
Nimesoma, nimekubali kwa huyu. Namshukuru Mungu wamefika. Lakini jua msilikashifu. Hiyo taa ya bluu si imetokana na jua?

#27 Msomaji wa Kona
Hapo Mgosi yuko sahihi. Mwaka 1956, hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa akiwatoa njiti bustanini. Akamwonyesha daktari mtoto aliyepauka mwili wote isipokuwa pembetatu moja ya njano tele, pale palipofunikwa na shuka. Taa zilianzia hapo. Na Nigeria wamewahi kutumia mahema yenye karatasi maalumu ya kuchuja jua, matokeo yakachapishwa 2015, yalifanya kazi.

#28 Nesi wa Zamu
Nigeria walikuwa na wauguzi wanaopima joto na kuangalia mtoto kila saa. Huku kwetu mtoto anaanikwa uchi kibarazani dakika ishirini kwenye upepo, anapoa, anachoma sukari yote kujipasha. Nyumbani jua halina kipimo.

#29 Mgosi Tanga
Basi tukubaliane jua la pwani si la Makambako.

#30 Dada Kibena
Swali kwa Seremala: wewe na mkeo damu gani? Na nguo za mtoto mlinunua mpya? Mtoto wa dada yangu alipata njano kali, ikaja kugundulika nguo zilitoka kwenye sanduku lenye vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende na nondo.

#31 Seremala wa Makambako (Jumamosi asubuhi)
Njano imeshuka 240. Kanyonya dakika nane mwenyewe!

Mke ni O chanya, mimi B chanya. Na nguo... wifi yangu alituletea begi zima, linanuka hivyo vidonge mpaka leo. Ni kosa?

#32 Daktari Kimya
Vidonge hivyo vina naftalini. Kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kawaida sehemu zenye malaria, inavunja chembe za damu na njano inapanda. Hutokea zaidi kwa wa kiume, ila wa kike hawajaepuka. Na mama O akiwa na mtoto wa B, hiyo nayo peke yake inatosha. Waombe wapime damu ya mtoto. Nguo zifuliwe zaidi ya mara moja, zianikwe juani, begi litoke chumbani.

#33 Nesi wa Zamu
Mimi bado nasema ni kutonyonya. Asiyekula hajisaidii, na asipojisaidia ile rangi inarudi mwilini kutoka kwenye utumbo.

#34 Dada Kibena
Na mimi nabaki na begi.

#35 Bi Mkubwa wa Ilala
Kwanini chupa ipasuke mapema? Huyo binti alikuwa anabeba ndoo?

#36 Seremala wa Makambako
Alikuwa anauza duka, hakubeba kitu. Alikunywa SP, ile dawa ya kuzuia malaria, kliniki mara mbili. Wiki moja kabla alilalamika mkojo unachoma, tukasema ni baridi.

#37 Leso ya Pwani
Mkojo! Rafiki yangu ilikuwa hivyo hivyo.

#38 Daktari Kimya
Inawezekana. Malaria, mkojo, presha, upungufu wa damu, pacha, vyote huleta. Mara nyingi vilevile hatupati sababu yoyote. Bi Mkubwa, msimtwike binti ndoo ambayo hakuibeba.

#39 Mtaalamu wa Vipimo
Nauliza tofauti. Una uhakika ni wiki 35? Kadi inahesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Aliyeanza hedhi Januari 10 anaandikiwa kujifungua Oktoba 17. Hesabu hiyo ni ya mzunguko wa siku 28. Wenye mzunguko wa siku 35, mimba inatunga wiki moja baadaye, kwa hiyo 35 ya kadi ni 34 ya kweli. Na ultrasaundi ya mwisho mwisho inaweza kukosea hata wiki tatu. Ya kabla ya wiki 24 ndiyo ya kuamini.

#40 Seremala wa Makambako
Ultrasaundi tulifanya moja, miezi saba. Mzunguko wake haukuwa na mpangilio.

#41 Mtaalamu wa Vipimo
Basi huenda mama yako na kadi wote wamekosea mwezi.

#42 Mwalimu wa Zamu
Shuleni je? Wanakuwa wazito?

#43 Msomaji wa Kona
Uingereza walifuatilia watoto waliozaliwa 2000 hadi 2002. Wa kabla ya wakati kidogo walikuwa nyuma kiasi walipofika miaka mitano, na kifua kinachobana kilikuwa kingi zaidi kwao. Tofauti ni ndogo, na ni ya wastani. Kwenye wiki ya 35 ubongo una takribani theluthi mbili ya uzito utakaokuwa nao wiki ya 40, kazi iliyobaki unaifanyia nje.

#44 Mwalimu wa Zamu
Nina mmoja darasa la nne, wiki 34. Kusoma yuko mbele, mwandiko unamchelewesha. Sijui ni wiki au ni mkono wa kushoto.

#45 Seremala wa Makambako (Jumatano)
Tumetoka. Taa ilizimwa Jumapili, wakapima tena Jumatatu na Jumanne kuona kama njano inarudi. Kilo 2.16. Nambeba mimi kifuani mchana ili mama alale. Nilianza naogopa kumvunja. Moyo wake unaenda haraka, unausikia kwenye mbavu zako mwenyewe. Karakana nimefunga wiki hii.

Kipimo cha damu: kundi lake ni B. Hicho cha G6PD hakikuwepo.

#46 Baba Kulwa na Doto
Karibu chamani mkuu. Hiyo ya kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi wanaiita kangaroo, ilianzia Bogotá, Colombia, 1978, kwa sababu mashine zilikuwa hazitoshi. Sasa Shirika la Afya Duniani linasema njiti aanze mara tu anapozaliwa, na utafiti uliowafikisha huko ulifanyika Tanzania pia. Mimi nilibeba wawili kwa zamu, nikaachishwa vibarua viwili.

#47 Dada Kibena
Mkeo angekuwa ameajiriwa, marekebisho ya sheria za kazi ya 2025 yanamwongezea likizo mama wa njiti juu ya zile siku 84. Wa duka lake mwenyewe hana pa kudai.

#48 Seremala wa Makambako (wiki ya sita)
Mrejesho. Leo kliniki: kilo 3.2. Anatabasamu? Bado. Nesi wa kliniki kasema nisimlinganishe na wa jirani, nitoe wiki zake nne na ushee kwanza. Chanjo nazo nizisogeze?

#49 Nesi wa Zamu
Hapana! Chanjo zinafuata siku aliyozaliwa. Kukaa, kutambaa, kutembea ndiyo unahesabu kwa tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, mpaka miaka miwili. Waulize pia matone ya madini ya chuma, njiti huzaliwa na akiba ndogo. Na jina je?

#50 Seremala wa Makambako
Mama kampa jina lake yeye mwenyewe. Alisema tu, "Aitwe kama mimi," akaendelea kuchambua maharage.

#51 Kijana wa Mafinga
Samahani kufufua uzi. Mke wangu chupa imepasuka saa hii, wiki ya 36. Seremala upo?

#52 Seremala wa Makambako
Nipo. Maji yana rangi gani, na mko mbali kiasi gani na hospitali?